Mabalungi ya Shangazi

Shangazi yangu alirudi kutoka hospitali ya rufaa na agizo lililomtisha kuliko ugonjwa wenyewe: asimeze vidonge vyake mpaka damu itakapopimwa upya. Alikuwa na saratani ya damu. Vidonge hivyo ndivyo vilivyomrudisha shambani baada ya miezi mingi ya udhaifu, lakini sasa chembe nyeupe za damu yake zilikuwa zimeshuka mno, na kila asubuhi aliamka uso umevimba. Daktari hakumficha: hali hiyo ikijirudia, italazimu dawa iachwe. Dawa mbadala ilikuwa adimu, na hakuna aliyethubutu kutuahidi kwamba ingepatikana.

Nilikuwa nimehitimu famasia na kurudi nyumbani Kipalapala, Tabora, kusubiri ajira. Niliamini, na bado ninaamini, kwamba elimu isiyofika jikoni kwa mgonjwa imeishia njiani. Kwa hiyo nilianza kwa kuuliza.

"Shangazi, vidonge ulikuwa unavimezaje?"

"Kwa mdomo, mwanangu. Huko chuoni wanamezea wapi?"

Alipomaliza kucheka alinieleza. Vidonge vilimtia kichefuchefu, na kilichomtuliza ni juisi ya balungi tu. Akawa anavimezea hiyo kila siku kabla ya kula. Alimwambia hivyo mgeni mmoja, habari ikaenea katika jumuiya nzima ya kanisa, na kwa kuwa kwetu mgonjwa hajuliwi hali kwa mikono mitupu, kila aliyekuja alikuja na mabalungi. Kapu lililokuwa pembeni mwa sebule lilikuwa limejaa pomoni.

Nilishtuka, maana nilikumbuka mhadhara mmoja. Mwalimu wetu alizifundisha dawa za saratani pamoja na zile za sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza makamasi mazito mapafuni, ambao wengi wetu tulidhani hatutauona Tabora maishani. Alitaka tuelewe kwamba tunda moja laweza kuvuruga tiba za magonjwa yasiyofanana hata kidogo. Utumbo na ini vina vimeng'enya vinavyovunja dawa na kuipunguza. Balungi huvizuia, na dawa hubaki mwilini nyingi kuliko alivyokusudia daktari.

Nilimpigia simu daktari wake. Alisema hawezi kuapa kwamba balungi ndilo chanzo, lakini inawezekana kabisa. Liachwe, damu ipimwe, na dawa ikirudishwa imezwe baada ya chakula, kwa maji mengi.

"Kulikamua nitaacha," Shangazi alisema. "Kukataa zawadi siwezi."

Kwetu zawadi ya chakula huonjwa mbele ya aliyeileta. Mgonjwa asiyeonja amemwambia mgeni kwamba hauamini mkono wake. "Kuna mama ametoka Bukene kwa treni na kapu lake," aliendelea. "Nimwambie ameniletea sumu?"

Mgeni wa kwanza aliyefuata nilimweleza mimi mwenyewe habari za vimeng'enya, taratibu na kwa adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga upya kanga yake, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo sisi ndio tuliokuwa tunamuua?" Kabla sijajibu, Shangazi alilimenya balungi aliloletewa na mgeni huyo na kutia pande mdomoni, ili mwanamke yule asiondoke na uchungu.

Hapo nilitambua kwamba sayansi yangu ilikuwa sahihi na haikuwa imemsaidia. Nilikwenda kwa jirani yetu, mzee wa Kizaramo aliyefanya kazi reli mpaka akastaafu akiwa huku huku. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kwenda pwani. Mtani anaweza kukupokonya tonge mkononi, na atakayekasirika ndiye asiyejua mila. Nilimweleza kila kitu, nikahakikisha kwanza kwamba yeye mwenyewe hatumii dawa yoyote.

"Dawa yangu ni kumsema shangazi yako," alijibu. "Yaani leo unanipa ruhusa ya kumnyang'anya?"

Jumapili, wanajumuiya walipomaliza sala pale sebuleni, mama mmoja alimkabidhi Shangazi balungi kubwa. Mzee alilinyakua hewani.

"Lete hapa! Babu zako walipita kwetu wakamaliza maembe yote. Leo nalipiza."

"Mnyang'anyi wa wagonjwa!" Shangazi alimaka. "Hata kaburini utaingia unatafuna!"

"Na wewe hutangulii. Ukitangulia nani atanitukana?"

Aliyelileta balungi alicheka mpaka akajifuta machozi. Mzee, huku akilimenya, akawatangazia kwamba balungi lolote litakaloingia nyumba ile ni mali ya Wazaramo, kwa sababu linagombana na dawa ya huyu Mnyamwezi. Dawa yake inataka tumbo lililoshiba. Wenye huruma wamletee matobolwa na karanga, wakae wale naye. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa amemuua nani. Siku iliyofuata viazi hivyo vikavu vilianza kuingia kwa sahani, na Shangazi alivionja vyote mbele ya wenyewe, bila hofu.

Damu ilipopimwa, chembe zilikuwa zimepanda, na vidonge vikarudishwa. Tulivisindikiza kwa chakula na maji kama tulivyoagizwa. Kichefuchefu kikapungua, uvimbe ukaisha. Kliniki iliyofuata ndiyo iliyokuwa na kipimo tulichokiogopa, kile cha kuonyesha kama saratani imepata nafasi ya kujiinua wakati dawa imesimamishwa. Daktari alikisoma, akakirudia, akavua miwani.

"Mama, saratani imebanwa vizuri. Tunaendelea na dawa hii hii."

Shangazi alimshukuru kwa utulivu, akatoka, akafunga mlango kwa heshima. Kisha akapiga kigelegele kilichotikisa korido nzima. Muuguzi alikuja mbio kutunyamazisha, akaambiwa kulikoni, akapiga cha kwake.