Makala Yasiyo na Moshi

Siku ile, kabla mambo hayajaharibika, nilikuwa nimechuchumaa nje ya nyumba yetu pale Muheto, gunia la makala la Mama Solange, yale makaa ya kupikia, limefunguliwa mbele yangu. Alikuwa amelinunua kwa watu waliokuwa wanahama, na wao walilinunua kwa wengine. Makala ya namna hiyo, yaliyokwisha kupita mikono mingi, hakuna anayejua yalitoka mti gani. Ndiyo maana walikuwa wananiletea niyatazame.

Mimi shule niliachia darasa la pili. Lakini bwana yangu, marehemu Papa Riziki, alichoma makala tangu tulipooana, na mimi niliyauza, mpaka mikono yangu ikayazoea kuliko unga.

"Mama Riziki, sema basi," Mama Solange akaniuliza. "Wameniibia ao hawakuniibia?"

Nikachukua vipande viwili vya juu nikavigonganisha. Vikalia vizuri. Nikaingiza mkono mpaka chini, nikatoa vingine. Hivyo vilikuwa vyepesi, sauti yao imekufa, na kimoja kilikuwa na ngozi ya kijivu na harufu ya majivu yaliyoloa. Kilikwisha kuwashwa mara moja, kikazimwa na maji, kikarudishwa guniani.

"Huku juu wamekuwekea akasia," nikamwambia. "Chini ni kalitusi, na ingine walishapikia. Cheche zake zitakurukia mpaka ku nyusi."

"Nyusi nilikuwa nazo kidogo tu," akasema. "Bwana yangu atanikuta sawa yai."

Tukacheka. Ng'ombe wa jirani, Gaju na Bihogo, walikuwa wanashuka kwenda kukamuliwa. Siku ilikuwa ya kawaida hivyo.

Kwetu kule juu baridi haina mchezo. Babula, jiko letu la makala, si ya kupikia peke yake. Ukimaliza kupika, unaiingiza ndani ya nyumba, ndiyo inayowapa watoto joto. Kwa hiyo makala ya ndani yanachaguliwa. Kalitusi, yaani mkaratusi, inarusha cheche na kutoboa magodoro. Yaliyoloa yanatoa moshi na kuwafukuza watu. Mazuri kabisa yalikuwa yale ya miti ya pori la Walikale, yaliyoletwa na malori kupitia Kashebere: mazito, yanalia kama chupa, yanakaa na moto kutoka asubuhi mpaka jua limepinda, na hayana moshi hata kidogo. Mama yangu alinifundisha hivi: penye moshi ndipo penye ubaya. Na mimi niliwafundisha wengine hivyo hivyo. Hakuna aliyetuambia lingine.

Kisha vita vikashuka Muheto. Mama Solange alikwenda njia yake, mimi nikashika njia ya Mweso na binti yangu Riziki, mwenye mimba kubwa. Bwana yake, Innocent, alikuwa ameenda kuchimba madini huko Walikale na habari zake zilikuwa zimekatika. Mweso tulipokelewa na Mama Kavira, mjane wa kutoka upande wa Butembo, aliyekuwa na duka la chumvi na sabuni. Zamani nilikuwa namuuzia makala. Alitupatia chumba cha nyuma ya duka, chumba chake mwenyewe, na yeye akalala humo pamoja nasi.

Riziki alizaa pale lopitali. Mtoto alikuwa mdogo sana, wa kike. Hawakutuweka sana, vitanda vilihitajika kwa majeruhi. Anfirimye wa pale, muuguzi Mama Espérance, akanifungia mtoto katika kitambaa, akaniita bibi: "Koko, huyu asione baridi. Joto njo dawa yake."

Mvua ilikuwa ya kila siku.

Wiki ile ile risasi zikafika Mweso. Wenye silaha walikuwa wanapita barabara kwa barabara, na watu wote walijua walichokitafuta: penye moshi pana chakula, penye chakula wanaingia, na wakiingia hawaachi mwanamke. Jirani zetu wakazima mioto yao. Walikula viazi vibichi.

"Tuwashe ao tusiwashe?" Mama Kavira akaniuliza.

Nikamtazama mtoto. Vidole vyake vilikuwa vimebadilika rangi.

"Tutawasha," nikasema. "Lakini nitachagua mimi."

Nyuma ya ukuta, Papa Muhindo alikuwa anauza magunia aliyoachiwa na waliokimbia. Nilikwenda nimeinama. La kwanza lilikuwa kalitusi iliyoloa, nikalisukuma.

"Mama, hata wakati wa vita unachagua?" akanong'ona. "Yote inawaka."

"Wewe uwashe hiyo," nikamwambia. "Wakufuate na moshi yako."

La pili, kipande kilinata kwenye ulimi kwa ukavu, kikalia kama chupa. Makala ya pori. Nilifurahi. Niseme ukweli, nilifurahi kama mtu aliyeokota ng'ombe.

Niliyawasha kwa kaa dogo la moto, nikaiingiza babula chumbani. Tukaziba dirisha na bashi la turubai, na juu ya bashi tukasimamisha godoro. Chini ya mlango nikasukuma kitenge changu. Nikatoka nje kidogo kutazama paa. Hakuna kitu. Hata uzi wa moshi.

Chumba kikapata joto, vidole vya mtoto vikarudi. Riziki akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu azae.

Baadaye akasema, "Mama, kichwa inaniuma."

"Ni njaa, mwanangu. Na damu uliyoipoteza."

"Yangu pia inauma," Mama Kavira akasema, "lakini yangu ni juu ya maneno ya mama yako."

Riziki akacheka kidogo, akafunga macho. Mtoto akaanza kulia. Akalia bila kunyamaza, akakataa ziwa. Nikaogopa sauti yake itasikika nje. Nikamfunga kifuani, nikatoka naye dukani, kwenye baridi, ili mama yake alale. Mlango niliufunga nyuma yangu, na kitenge nikakirudisha chini yake.

Niliona kwamba nimechukua sehemu ngumu.

Dukani nilikaa kati ya magunia ya chumvi. Mtoto akanyamaza.

Risasi zikaanza upande wa mto.

Sikusogea.

Zikasogea, zikarudi nyuma. Chumbani hakukuwa na sauti. Nikasema, asante Mungu, wamelala.

Zilipotulia, nilifungua mlango.

Mama Kavira alikuwa ameanguka karibu na kizingiti, ametapika, anapumua kama mtu anayepanda mlima. Riziki alikuwa juu ya mkeka wake kama nilivyomwacha. Midomo yake ilikuwa myekundu, mizuri. Mwili wake ulikuwa na joto.

Nilimwita jina lake. Nilimwita kwa sauti ya chini, kwa sababu ya wale wa nje.

Nikamwita tena, kwa sauti ya chini.

Papa Muhindo ndiye aliyenisaidia kumvuta Mama Kavira nje kwenye mvua, kisha mpaka lopitali. Yeye aliamka. Riziki hakuamka. Mama Espérance alituuliza, "Mulifunga dirisha?"

"Makala haikuwa na moshi," nikamjibu. Nilisema hivyo kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu.

Alinishika mkono. "Mama, ile pumuzi ya makala inaua, na haionekane. Moshi angalau inakufukuza, unafungua mulango. Hii ingine haikufukuze."

Nikaelewa kwa nini mtoto alilia, na kwa nini kichwa kilimuuma Riziki. Aliniambia kwa kinywa chake, na mimi nikawa na jibu tayari.

Saa zile zile Papa Muhindo aliwasha ile kalitusi niliyoikataa. Ilitoa moshi mpaka watoto wake wakakohoa, akaacha dirisha wazi. Moshi wake ulionekana na kila mtu. Siku ile wenye silaha hawakuvuka mto. Katika barabara yetu hakupita hata mmoja.

Mtoto tulimpa jina Neema. Leo ananipita urefu. Habari hii anaijua yote, tangu alipoweza kuuliza, maana sikutaka aisikie kwa wengine. Mama Kavira hajawahi kunihesabia kosa. Kila mwaka, mwezi wa kumi na moja, kwenye parokia wanasoma majina ya waliouawa na vita, na watu wa marehemu wanasimama jina linapotajwa. Kila mwaka alikuwa ananiambia, "Peleka jina ya Riziki. Pasipo vita, ile dirisha ingekuwa wazi."

Ni kweli. Nami nilikuwa namjibu kwamba vita vilituambia tufunge dirisha, lakini gunia nililichagua mimi. Kisha tunamenya viazi.

Mwaka huu Neema alinishika mkono akanipeleka mpaka mezani kwa katekista. Yule kijana akauliza, "Aliuawa na nani?"



"Na vita," Neema akasema.

Siku ya misa walisoma majina mengi. Nayajua karibu yote. Walipofika kwenye la Riziki, Neema alisimama, na Mama Kavira akasimama na fimbo yake.

Mimi nilibaki nimeketi.