Mjomba Aliyekuwa Akitoka Nje

Katika mazungumzo ya mahari, hakuna aliyeogopwa kama Alionzi wa Logiri. Wenzake wakibishana, yeye husimama kimya na kutoka nje. Huko kwao, mjomba akiondoka bila neno, amekasirika, na hasira ya mjomba ni laana kwa bibi harusi. Basi upande wa bwana harusi huongeza mbuzi mbiombio.

Hasira gani! Alikuwa anakimbilia chooni. Mkojo ulimbana, akifika unatoka tone kwa tone kwa maumivu. Mkewe Candiru pekee ndiye aliyejua, naye ndiye aliyemkokota hadi kwa daktari mjini Arua.

"Mzee, tezi dume imekua, na ndani ina uvimbe wa siku nyingi," daktari alisema. "Lakini kansa hakuna. Meza dawa kila siku, usiruke."

Alionzi akashusha pumzi ndefu. Kaka yake alikufa kwa kansa ya hukohuko, naye alikuwa ameshajizika moyoni.

Dawa zilipomkolea, akaitwa Koboko kumwoza Patience, binti wa dada yake. Akakaa. Chai ikaja, akanywa. Ikaja tena, akanywa tena. Mahari ikakubaliwa bila mbuzi wa ziada, na njiani kurudi ndugu zake wakanuna.

"Kaka, leo iko nini? Mbona hukutoka?"

"Nyamazeni!" Alionzi akafoka. "Mbuzi wote mliokula, mimi niliwalilia chooni. Leo nimekunywa chai."