Mazishi ya Jumamosi

Ahamefula Onwumere alikuwa fundi viatu, na kwa miaka kumi na minne meza yake na yangu zilitazamana katika soko la viatu hapa Aba. Yeye alikata ngozi na kushona, mimi niliuza soli na gundi. Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba sisimulii habari za kuambiwa. Kwa sehemu kubwa nilikuwapo, na heri nisingekuwapo.

Yeye ndiye aliyenipeleka sinagogi. Ni chumba kirefu cha matofali nyuma ya kiwanda cha sabuni, paa la bati, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Kiongozi wetu, Mzee Uzoukwu, tulimwita Mwalimu kwa sababu alitufundisha Kiebrania kwa chaki ubaoni kama watoto wa darasa la kwanza. Sisi wengine tunababaika hadi leo. Ahamefula aliimeza ile lugha. Alibandika herufi ukutani juu ya cherehani yake, akawa anasoma huku anashona, na baada ya miaka mitatu yeye ndiye aliyetusomea Torati kila Sabato. Sauti yake haikuwa nzuri, ila hakukosea.

Kila Jumamosi alifunga meza, siku ambayo wateja wa jumla hushuka kutoka Kameruni. Majirani walimcheka. Mama yake, Mama Ihuoma, alimcheka kuliko wote, lakini kwa mapenzi.

"Baba yako alikutahiri siku ya nane," alimwambia siku moja mbele yangu, "akafa hajui kama alikuwa Myahudi. Wewe umejulia wapi?"

"Katika kitabu, mama."

"Haya, kitabu kikupikie." Kisha akampakulia supu aliyoipika kwenye sufuria ya peke yake, bila kamba wa baharini, maana alijua dini ya mwanawe inakataza kamba. Mama huyo alikuwa nguzo ya kanisa lao kijijini, mwenyekiti wa umoja wa akina mama, na kila mwezi alisafiri kilomita thelathini kuja kumwona kifungua mimba wake.

Alifariki Jumatano moja ya mwezi wa nane, mvua ikinyesha. Ahamefula alifika kijijini siku hiyo hiyo, akawaambia wazee wa ukoo kwamba sheria yetu inataka maiti izikwe upesi, kesho ikiwezekana. Nilikuwa nimemsindikiza. Walimtazama kama mtu aliyetukana.

"Mama wa watoto sita azikwe kama paka?" akauliza Dede Nwakanma, mkubwa wa ukoo; Dede ni kama kusema kaka, kwa heshima. "Hata turubai halijafungwa, hata ng'ombe hajanunuliwa?"

Wakampeleka mama mochwari. Akakaa humo wiki tisa, wakati nyumba inapakwa rangi na sare zinashonwa. Ahamefula alilivumilia hilo. Lakini siku ilipotangazwa, alisimama tena mbele ya ukoo.

"Jumamosi siwezi," alisema. "Wekeni Ijumaa. Wekeni Jumapili. Wekeni siku yoyote nyingine, nitachimba kaburi kwa mikono yangu."

Mdogo wake Chikwendu, mfanyakazi wa benki aliyetoka Lagos, akamrukia kaka yake. "Dede, mimi nina ruhusa ya siku tatu tu! Kanisa limeshapanga, kwaya mbili zimealikwa. Unataka tubadilishe dunia nzima kwa ajili ya kofia yako ya Kiyahudi?"

"Sizungumzi na wewe. Naongea na wazee."

Dede Nwakanma akasafisha koo. "Ahamefula, huyo Mungu wako hana mama?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Mzee akaendelea, sasa bila mzaha: "Mkataa kwao mtumwa. Mwana wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Siku hiyo tutaita jina lako mara tatu. Usipoitika, hatutaliita tena."

Ijumaa ya mkesha, mke wake Adaure alifunga mizigo ya watoto. Alimwambia mumewe, "Twende wote leo kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Lala kwenu. Kesho kaa tu kwenye kiti, usiguse kitu."

"Watanishikisha sepetu mbele ya watu. Nikikataa, nitaaibisha maiti. Nikikubali, nimevunja Sabato juu ya kaburi la mama."

"Basi uaibike ukiwa pale, kuliko kuaibika ukiwa hapa."

Hakwenda. Adaure akaondoka na watoto.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu. Katika sinagogi letu tulikuwa wanaume kumi na saba. Hakuna hata mmoja aliyetuambia tubaki, wala Ahamefula hakutuomba. Angeombaje? Ilikuwa Sabato, siku tuliyokuwa tunakutana bila kuombwa. Lakini mimi nilijiambia: mama wa rafiki yangu anazikwa, mwenyewe hayupo, si vibaya uso mmoja wa upande wake uonekane. Wenzangu watabaki naye. Nikapanda gari asubuhi, nikiinamisha kichwa nisionekane, maana siku ile hatupandi gari. Kufika kijijini, mtu wa kwanza kumwona chini ya turubai ni mwenzetu anayeuza vyuma chakavu. Tukatazamana, kila mmoja akageuza uso. Kisha nikamwona wa tatu, na wa nne. Pamoja nami tulikuwa kumi na watatu. Na mmoja wa hao kumi na watatu, kwenye kiti cha heshima mstari wa mbele, amevaa kofia nyekundu ya utemi, alikaa Mwalimu Uzoukwu.

Jeneza liliposhushwa, Dede Nwakanma aliita: "Ahamefula Onwumere!" Akaita tena. Mtoto fulani akalia, akanyamazishwa. Akaita mara ya tatu, na nilimwona Adaure akijiziba masikio kwa viganja. Chikwendu akachukua sepetu.

Baadaye wali uligawiwa. Nilikula. Niseme ukweli: nilikuwa na njaa, na ulikuwa mtamu.

Yaliyotokea sinagogi nilisimuliwa na Mzee Ogbuehi, asiyeona, aliyebaki kwa kuwa hakuna aliyekwenda kumchukua. Ahamefula alifika mapema, akavaa shali yake ya sala, akafungua pazia la kabati la Torati, akangoja. Alitaka saa ile ile jeneza linaposhuka, asimame aseme Kadishi, sala ya wafiwa, ambayo haisemwi bila wanaume kumi. Pamoja naye walikuwa wanne. Kila mlango ulipolia, aligeuka. Ulikuwa upepo tu.

"Wamecheleweshwa na mvua," alisema saa nne.

"Mvua hainyeshi," Mzee Ogbuehi akamjibu.

Saa saba alifunga pazia. Torati haikusomwa siku hiyo, na mama yake alikuwa ameshafukiwa.

Jumapili tulikwenda nyumbani kwake kumhani, kama desturi yetu, tukiwa na mkate na mayai ya kuchemsha. Alikuwa ameketi sakafuni, kola ya shati imechanwa kwa msiba. Hatukujua kama amepata habari. Aliacha tukae wote, ndipo akauliza, sauti ya chini kabisa:

"Jana mlikuwa wapi?"

Mwalimu akakohoa. "Mwanangu, tulikwenda kukuheshimu. Tulisimama mahali pako."

"Mahali pangu palikuwa sinagogi, Mwalimu. Wewe ndiye uliyenionyesha kwa chaki."

"Ungeniuliza. Kumheshimu mama nako ni amri. Ningekuambia uende Ijumaa, ulale kwenu, ukae bila kugusa udongo. Njia ilikuwapo."

"Wiki tisa," alisema Ahamefula. "Wiki tisa nilikuwa nakuja sinagogi mara tatu kwa wiki. Ulijua siku. Hukunena neno."

"Nilidhani unajua."

"Ninachokijua ni ulichonifundisha." Kisha akanigeukia mimi, si Mwalimu. "Na wewe je? Ulikula wali wa mama yangu?"

Nilisema nilikula. Adaure, aliyekuwa mlangoni, akaja akaniondolea kikombe cha chai mkononi, taratibu, kama mtu anayeondoa vyombo.

Kwa miezi kumi na mmoja alisema Kadishi yake, nasi tulijaa kila mara, hata wenye homa walikuja. Hakukosa siku, na hakutusalimu hata siku moja. Kusoma Torati aliacha. Tulipomsihi, alisema macho yanamsumbua, na jioni hiyo hiyo nilimwona akitunga uzi kwenye sindano nyembamba. Mwalimu alijaribu kusoma badala yake, akakosea, tukajifanya hatukusikia.

Ukoo ulitimiza neno lake. Chikwendu amejenga nyumba ya ghorofa kwenye kiwanja cha mwana wa kwanza. Binti mkubwa wa Ahamefula alipoposwa, wakwe walikuja na kokwa za kola za kutafuna na vinywaji, wakauliza wazee wa ukoo wako wapi. Hapakuwa na mzee. Tulijitolea sisi wa sinagogi kukaa kwenye viti vile. Alikataa. Aliwapokea wakwe peke yake, akaivunja kokwa ya kola mwenyewe, kazi ya mzee wa ukoo, kitu ambacho sijapata kukiona tangu nizaliwe, na wakwe waliondoka mapema.

Meza zetu bado zinatazamana. Ijumaa mchana anafunga kabla yangu. Soli ananunua kwa muuzaji wa mstari wa tatu.