Kaburi la Baba na Makaa Yasiyochimbwa

Kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote maishani ni kusimama kando ya injinia na kurudia kwa Kikamba yale aliyoyasema kwa Kiswahili. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mashariki ya Zombe, huko Kitui. Watu wa makaa ya mawe walipokuja kupima bonde letu, walitaka mtu mwenye sauti asiyeogopa wazee, na chifu akanitaja mimi. Nilipewa jaketi la reflekta lililonifika magotini. Chifu, aliyejua lugha zote mbili, alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akisikiliza, na kila nilipotafsiri sawasawa aliitikia kwa kichwa. Kwa miaka kadhaa, habari zote za makaa ziliingia kijijini kupitia mdomo wangu.

Habari zenyewe hazikuwa ngumu. Chini ya mashamba yetu kulikuwa na makaa ya mawe. Yangechimbwa, yapakiwe, yapelekwe mbali kwenye kituo cha umeme cha manispaa, ambacho wakati huo kilikuwa kikichoma makaa ya kuagizwa kutoka ng'ambo. Sisi tungehamishwa. Wapimaji waliandika namba kwa rangi nyekundu kwenye kuta, kwenye milango, kwenye mipapai, hata kwenye msalaba wa saruji juu ya kaburi la nyanya yangu. Ukishaandikwa, nilitafsiri, usijenge tena wala usipande mti, kwa maana utakachoongeza hakitahesabiwa.

Watu walitii kuliko nilivyotarajia. Mama aliacha kukandika ukuta wa jikoni, na udongo ukawa unabanduka mpaka fito zikaonekana. Choo kilipoanza kuinama, baba alikiegemeza kwa nguzo mbili akasema kitatufikisha. Yeye ndiye aliyejitayarisha mapema kuliko wote. Aliuza mafahali wake wa kulimia, akanunua kipande cha shamba upande wa Makueni, ng'ambo ya Mto Athi, ili siku ya kuhama isitukute tukitangatanga. Majirani walimtania kwamba ana haraka ya kuondoka kuliko hao wenye makaa wenyewe. Akacheka nao. Alifariki kiangazi cha mwaka uliofuata, baada ya kuugua siku nne tu.

Alikuwa ametuonyesha mahali anapotaka kuzikwa: kando ya mama yake, hatua chache kutoka zizi la mbuzi. Mama alitaka iwe hivyo. Mimi ndiye niliyekataa.

Tulikuwa jikoni, yeye na mimi, na wanawake wa kanisa walikuwa nje wakimenya viazi. Nikamwambia yale niliyokuwa nimeyasema mikutanoni mara nyingi mpaka nikawa siyasikii tena. "Mwaitu, hapa patachimbwa. Tukimlaza hapa, mashine itakuja kumtoa. Tumpeleke Makueni, alale mahali hataguswa."

"Una hakika?" aliniuliza.

"Nina hakika."

Mimi ndiye niliyerithi jina la mama yake baba, na kwetu hilo si jambo dogo. Baba mwenyewe aliniita mwaitu, yaani mama, tangu nikiwa mchanga, hata siku alizonikasirikia. Nadhani ndiyo sababu neno langu lilipita. Mama alinawa mikono, akatoka kuwaambia watu wa kanisa watafute lori la kwenda Makueni.

Tulimzika kwenye shamba tupu ambalo hakuwahi kulilima hata msimu mmoja. Watu wa pale hawakutujua. Jirani mmoja, mzee mwembamba, alituletea jembe la pili na mtungi wa maji, akasimama nasi mpaka mwisho kana kwamba alikuwa wa ukoo. Sikulia. Nilishughulika na turubai na sahani za wageni, na jioni tukarudi Kitui tukiwa tumemwacha peke yake. Nakumbuka niliingia nyumbani nikasahihisha madaftari ya darasa la sita.

Baada ya hapo tulingoja. Magari ya wapimaji yalipungua, kisha yakakoma kuja. Rangi nyekundu ilififia ikawa kama ya ufizi. Mimi niliendelea kufundisha, na jaketi langu likawa la kuvalia mvua. Ukiniuliza nilihisi nini miaka ile, nitakwambia ukweli: sikuhisi kitu. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Unajua ni wako, lakini ukiubonyeza ni kama wa mtu mwingine.

Ndipo tukaitwa mkutano wa mwisho. Afisa aliyekuja alikuwa mgeni kwetu, mtu mpole mwenye viatu safi. Alisimama akasema, "Ile stesheni ya manispaa imebadilishwa. Ilikuwa inatumia makaa, sasa inatumia gesi. Gesi haina moshi mingi. Kwa hivyo haya makaa yenu, kwa sasa, hayako kwa plani. Mnaweza kuendelea na maisha ya kawaida."

Nikatafsiri. Chifu akaitikia kwa kichwa. Watu wengine walipiga makofi, na mwanamume mmoja akauliza kama sasa anaruhusiwa kujenga. Akaambiwa ajenge tu. Kisha mama akasimama, kwenye benchi la pili, akashika kiuno kama afanyavyo mgongo ukimuuma, akasema kwa Kikamba, polepole, "Muulize huyo bwana. Kama makaa hayatakikani tena, mzee wangu anarudi nyumbani lini?"

Afisa alinigeukia, kalamu mkononi.

"Mama anauliza kama barabara itatengenezwa," nilisema.

Mpaka leo sijui barabara niliitoa wapi. Afisa akaandika, akasema barabara inaangaliwa, na mimi nikamgeukia mama yangu mzazi nikamwambia kwa Kikamba kwamba jambo lake linaangaliwa. Chifu alikuwa akitazama chini. Mama husikia Kiswahili; amefanya biashara ya ndengu sokoni Zombe maisha yake yote. Aliketi, akanyoosha leso juu ya magoti, na hakunisahihisha mbele ya watu. Njia nzima ya kurudi nyumbani alizungumza habari za mbuzi mmoja aliyekuwa akichechemea.

Likizo iliyofuata nilizunguka maofisini kuuliza namna ya kumrudisha baba. Kumbe marehemu hafukuliwi hivi hivi: kuna kibali cha mahakama, kuna barua ya watu wa afya, kuna barua ya chifu wa huku na ya chifu wa kule. Nilikusanya fomu zote kwenye bahasha ya kaki nikampelekea mama. Nilijivunia ile bahasha. Alikuwa akichambua mbaazi, wala hakuifungua.

"Ulishamhamisha mara moja," alisema. "Inatosha."

Halafu akaniambia anachotaka. Alitaka ajengewe chumba kimoja kule Makueni, mlango uangalie kaburi. Nilimkumbusha kwamba makaa hayachimbwi, kwamba hakuna anayemfukuza, kwamba kanisa lake liko hapa na mbuzi wake wako hapa. Alinisikiliza kwa adabu, kama nilivyowasikiliza mainjinia.

Tulihama mwezi wa nane. Bonde zima lilikuwa likigonga nyundo. Watu walikuwa wakiezeka mabati mapya, wakipaka chokaa juu ya zile namba, wakipanda mipapai kwa pupa ya miaka waliyozuiwa. Mama alichukua sufuria zake, kinu cha kukobolea mahindi ya muthokoi, na mlango wa jikoni kwa sababu mbao zake bado zilikuwa nzuri. Namba ilikuwa ingali juu ya huo mlango. Katika nyumba zote zilizoandikwa, ni yetu tu iliyohama.

Yule mzee wa jembe alikuja kutusaidia kushusha mizigo. Alipomaliza alijipangusa jasho, akauliza kwa upole, kwa Kikamba cha Makueni, ni nini kimemtoa mama kwake kwa umri huu. Mama alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Muulize huyu," alisema. "Yeye ndiye hutusemea."

Nikaanza. Nilimweleza mzee habari za makaa ya mawe, wapimaji, kituo cha umeme cha manispaa na gesi iliyochukua nafasi ya makaa. Maneno yalikuja yenyewe, yamepangika, na sauti ilikuwa ileile ya mikutanoni. Mama alingoja nimalize.

"Hayo ni ya mkutano," alisema. "Sema yetu."

Nilitazama kaburi. Majani yalikuwa yamelifunika upande mmoja.

"Baba alitaka kulazwa kando ya mama yake," nilimwambia mzee. "Mama yangu pia alitaka hivyo. Mimi ndiye niliyewakatalia. Na mama alipouliza baba atarudi lini, nililificha swali lake."

Mama aliitikia kwa kichwa, kama chifu.