Siku Niliyofundisha Maneno ya Kushangaa

Niliandika maneno matano ubaoni: surprised, amazed, astonished, dumbfounded, speechless. Kilikuwa kipindi cha pili, kidato cha tatu, katika shule ya sekondari ninayofundisha Kiingereza hapa Newala. Niliyapanga kama ngazi. La chini ni mshangao wa kila siku, mtu akikuta chai imetiwa chumvi. La juu ni pale mdomo unapofunguka na sauti isitoke. Wanafunzi walinakili kimya, isipokuwa msichana mmoja wa dawati la mbele ambaye huwa haridhiki na jibu la kwanza.

"Madam, haya yote si kushangaa tu?"

"Hapana. Hata Kiswahili kina kushangaa, kina kustaajabu, kina kuduwaa, kina kupigwa na bumbuwazi."

"Sasa mtu aliyepigwa na bumbuwazi atajuaje achague lipi?"

Darasa likacheka. Nikawaambia watunge sentensi tano palepale, moja kwa kila neno, wakusanye daftari. Nilikuwa nazipanga mezani mwalimu mwenzangu alipochungulia mlangoni.

"Una mgeni ofisini. Anasema ni kaka yako."

"Sina kaka," nikamjibu.

Sikuwa nadanganya. Nilikuwa naye mmoja tu, mkubwa wangu, na alikuwa amekufa. Aliondoka nyumbani kwetu Lukuledi akiwa kijana, akavuka Ruvuma kwenda kwenye machimbo ya mawe ya thamani huko Msumbiji. Mwaka wa kwanza alipiga simu mara mbili. Kisha akarudi mtu mmoja aliyeondoka naye, akatuambia shimo limefukia watu na kaka alikuwamo. Hatukuletewa mwili. Tulikaa matanga, tukasomewa misa, tukalia mpaka tukanyamaza. Hayo yalikuwa yametimiza miaka kumi na moja.

Mtu aliyesimama kando ya mlango wa ofisi alikuwa mwembamba, ana mvi kidevuni, mguu mmoja ameuegemeza ukutani kama unaouma. Sikumtazama usoni, nilitazama viatu vyake. Vilikuwa na tope jekundu lililokauka.

"Mdogo wangu," akasema.

Sauti ile niliijua kabla sijaikubali. Mwalimu wa Kiingereza, ambaye maneno yake matano bado yapo ubaoni, nikafungua mdomo nikasema, "Umekunywa chai?"

Akacheka, akanishika mabega. Mimi mikono yangu ilibaki chini. Sikuwa na hakika kuwa nilichokisikia ni furaha.

"Baba hajambo?" akauliza.

"Hajambo."

"Na mama?"

"Ngoja nikaombe ruhusa kwa mkuu wa shule," nikasema, nikaondoka mbio.

Mama alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Niliomba ruhusa, nikapewa, kisha nikazunguka ofisi ya walimu nisijue ninachotafuta. Nikatia daftari za wanafunzi kwenye mkoba, wala sijui kwa nini. Nikampigia baba simu, nikaikata kabla haijaita. Nikapiga tena, nikakata tena. Baba ana presha. Habari kama ile unaianzia wapi kwenye simu? "Baba, yule tuliyemlilia yuko hapa anakunywa chai"?

Tukapanda gari la Masasi. Kaka aliongea njia nzima. Kivukoni Ruvuma alisikia ninapofundisha, akaanzia kwangu. Hakuwemo shimoni siku ile, ila mguu ulivunjika siku nyingine. Alipopata nafuu alisikia kwamba kwao ameshaombolezwa, akaona haya kurudi mikono mitupu. Haya ikazaa mwaka, mwaka ukazaa mwingine. Akaoa, akapata mtoto wa kike. Kisha vurugu za huko zikawasukuma huku na kule. Kiswahili chake kilikuwa kimeingiwa na Kimakonde na Kireno, na mara kwa mara alisimama akitafuta neno. Mimi nilikuwa nafungua zipu ya mkoba na kuifunga. Tulipoanza kushuka kutoka uwanda wa juu wa Newala aliniuliza nilikuwa nafundisha nini.

"Maneno ya kushangaa, kwa Kiingereza."

"Nitajie."

Nikamtajia, naye akarudia moja moja. Alipofika kwenye dumbfounded ulimi ukamkwama, akalisema kama jina la dawa ya mikorosho, akajicheka mwenyewe. Alicheka kama mama, kichwa akikirudisha nyuma. Nikageukia dirishani.

Masasi tulishuka tusubiri gari la Lukuledi. Kabla sijamzuia alikuwa ameshaingia kwenye duka la kanga, amemwomba mwenye duka amshushie doti tatu za juu kabisa.

"Siwezi kwenda kwa mama mikono mitupu tena," akasema. "Anapenda ipi? Hii nyekundu?"

"Alikuwa anapenda zenye bluu," nikasema.

Lilinitoka lenyewe. Akazishusha kanga taratibu.

"Alikuwa?"

Mwenye duka, mama mtu mzima, alinitazama, akamtazama, akaelewa. Akasogeza kigoda. "Kaa, mwanangu," akamwambia kaka. "Kaa kwanza."

Akakaa. Akauliza lini, nikamwambia. Akauliza kama mama alijua yeye ni mzima, nikamwambia hapana, mama alikufa akijua ametangulia kuzika mtoto. Nilisema kwa ukali. Ningeweza kusema vizuri zaidi, na mpaka leo neno hilo linanikera, lakini ndivyo nilivyolisema. Kaka hakulia. Alizikunja zile doti tatu, moja baada ya nyingine, pembe kwa pembe, akamrudishia mwenye duka, akashukuru.

Tulifika nyumbani alasiri. Baba alikuwa ameketi uani kwenye turubai anachambua korosho, nzuri gunia hili, mbovu ndoo ile. Nilimwacha kaka nyuma ya ukuta, nikatangulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo si siku ya kazi?"

"Nimekuja na mgeni."

Kaka hakungoja niandae maneno. Alijitokeza, akapiga magoti palepale kwenye maganda. "Shikamoo, baba."

Baba alimtazama. "Marahaba," akasema. "Karibu mgeni. Umetoka mbali?"

"Msumbiji, baba."

"Poleni na safari."

Akainamisha kichwa akaendelea kuchambua. Nilidhani hajamtambua. Kisha nikaona anachofanya: mbovu alikuwa anazitia kwenye gunia la nzuri, na nzuri kwenye ndoo ya mbovu, na mikono haikusimama. Kaka alikaa pembeni ya turubai, akaanza kuchambua naye.

Mimi sikuweza kukaa. Nilifagia ua uliokuwa umefagiwa. Nikachota maji wakati mtungi umejaa. Mwishowe nikatoa daftari za wanafunzi, nikaanza kusahihisha nimesimama. Mmoja aliandika kuwa alikuwa astonished mbuzi wao alipozaa watatu. Sahihi. Yule msichana wa dawati la mbele aliandika kwamba mama yake alikuwa speechless baba yake aliporudi nyumbani, lakini sufuria ziliongea. Sarufi ilikuwa imechechemea kidogo. Nikampa alama zote.

Jua lilipopoa baba alinawa mikono, akamsemesha kwa mara ya kwanza kama mwanawe. "Kesho tutakwenda kwa mama yako."

Asubuhi tukaenda makaburini. Sikuwa nimemweleza kaka jambo moja: kando ya kaburi la mama kulikuwa na msalaba wa mbao usio na kaburi, tuliomsimikia yeye baada ya misa. Alisoma jina la mama, kisha akasoma lake. Akaligusa kwa kidole, herufi moja moja. Hapo ndipo alipolia, na baba akamshika kiunoni kama anavyoshikwa mtoto anayejifunza kutembea.

"Nisaidieni," baba akasema.

Tukaung'oa watatu. Baba akaubeba begani mpaka parokiani, akamuuliza padri ufanyweje, maana msalaba hauchomwi moto, na mwenyewe amerudi. Padri aliushika, akaugeuza, akasema hajawahi kuulizwa swali hilo. Akauweka stoo.

Kaka alikaa mpaka mvua za kwanza, kisha akaaga kwenda kuchukua familia yake. Baba hakutoka ndani kumsindikiza. Miezi miwili hatukusikia kitu, na sikulala vizuri hata wiki moja. Akarudi na mkewe na binti anayeongea Kimakonde kuliko mimi, na sasa binti huyo anasoma palepale Lukuledi.

Siku moja nikamwambia ukweli: siku ile pale shuleni nilitaka kumpiga.

"Ungenipiga," akasema. "Ningejua nimefika."

Bado sijatulia. Kila baada ya wiki mbili nateremka Lukuledi, hata kama nina daftari za kusahihisha. Nikifika uani nauliza kwanza kaka yuko wapi, kabla sijamwamkia baba, na baba ameshanigombeza kwa utovu huo wa adabu zaidi ya mara moja.