Mwanamume Aliyelionea Gitaa Wivu

Ukimuuliza mtu yeyote wa Dilala, hapa Kolwezi, studio ya Kankolongo iko wapi, atakuelekeza kwenye nyumba moja ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, kisha atakuambia upite nyuma, kwenye kile chumba kidogo ambacho enzi hizo kilikuwa cha mtumishi. Humo ndani kuna kompyuta, spika mbili, magodoro yaliyopigiliwa ukutani ili kelele za pikipiki zisiingie, na Kankolongo mwenyewe: mrefu, mpole, mwenye wivu. Nasema wivu mapema usije ukadhani nimekuficha. Mimi Ernestine naimba sauti ya pili katika kwaya yetu, na nimeuona wivu huo kwa karibu muda wote ambao amekuwa akimchumbia Mushiya, mwimbaji wetu wa mbele.

Aliwahi kumnunia dereva wa pikipiki kwa sababu tu alimuuliza Mushiya kama amekaa vizuri. Alimnunia padri aliyemsifu sauti. Ukimwambia aache, atakujibu kwamba yeye hana wivu, ila anaona mambo ambayo wengine hawayaoni. Basi, na mkaidi pia.

Lakini kazi anaijua. Kwaya nyingi za Wakasai, sisi Waluba tuliotoka Kasai, zimepita mikononi mwake, na anachokipenda si kurekodi, ni kupanga. Tukishaimba na kwenda zetu, yeye hufungua ule ukurasa ambapo wimbo mzima umelala kutoka kushoto hadi kulia, kila sauti na mstari wake, kila mstari na vipande vyake vya rangi. Ngoma nyekundu. Mushiya njano. Sisi wa sauti ya pili alitupa kijivu, na bado sijamsamehe. Anashika kipande, anakiburuta, anakikata, anakirudia pale kiitikio kinaporudi. Anaweza kukuwekea kidole kwenye kioo na kukuambia, watu watalia hapa, na kweli watalia hapo.

Mwaka jana baba yake Mushiya, Tata Lukusa, alifariki. Alikuwa bingwa wa kasala, yale majina ya sifa ya ukoo ambayo Waluba huyaita kwa sauti kubwa kwenye furaha na kwenye msiba. Kankolongo alimpenda mzee yule. Jumapili nyingi alikaa sebuleni kwake akifundishwa majina hayo moja moja, mpaka mzee akawa anacheka kwa raha. Ukoo ulipoanza kuandaa siku ya kumaliza matanga, Mushiya alimtungia baba yake wimbo, tukaja studio Jumamosi mchana kuurekodi.

Gitaa lilipigwa na Amani. Huyu ni mtoto wa Musafiri, mwenye malori yanayokwenda Tenke, familia ya Waislamu waliotoka mashariki zamani. Amani hupigia yeyote anayemwita, Mkristo au Mwislamu, na hubeba gitaa lake mbele ya lori karibu na dereva. Ana meno mazuri, hilo silikatai. Kankolongo alikuwa ameshayaona meno hayo, na siku nzima hakumtazama usoni.

Tulipomaliza, Mushiya alivua vifaa vya masikioni akamwambia mchumba wake:

“Kanko, zile fasi niliacha mu wimbo, usiziguse. Uziache vile ziko. Amani anajua.”

“Amani anajua nini?”

“Utaona siku ile,” akajibu, akatabasamu, akaondoka.

Maskini, angejua maneno yale mawili yangefanya nini, angejing'ata ulimi. Amani anajua! Mchumba hajui, mwenye studio hajui, ila Amani anajua.

Jumatatu asubuhi nilirudi kuchukua mwavuli wangu. Umeme uliokatika Jumapili ulikuwa umerudi, na Kankolongo alikuwa mbele ya kompyuta, macho mekundu.

“Mama Ernestine, kuya uone.”

Nikainama. Mstari wa njano wa Mushiya ulikuwa umekatika mahali fulani, na pale pale ulipokatika, kwenye mstari wa chini, palianza kipande cha bluu. Bluu ikiisha, njano inaanza tena.

“Unaona? Yee anapumua, ule anaingia. Anapumua tena, ule anaingia tena. Bako nasemezana.”

“Kanko, ile ni gitari. Gitari inajibu muimbaji. Njo kazi yake.”

“Mbona haikujibie weye?”

“Juu weye uliniweka rangi ya majivu!”

Hakucheka. Roho ilikuwa imemchafuka kabisa. Alikuwa amekaa na mstari ule tangu alfajiri, akiukuza mpaka pumzi ya Mushiya ikaonekana kwenye kioo kama uzi, akiipima na mwanzo wa gitaa, akitafuta kati yao nafasi ya mtu wa tatu na asiipate. Nilimwambia aende akale. Nikachukua mwavuli wangu nikaenda zangu, nikidhani njaa ndiyo inayosema.

Nyuma yangu alifuta vipande vyote vya bluu vilivyomjibu Mushiya. Kilichobaki kikamuuma zaidi, kwa sababu sasa zile nafasi zilikaa wazi, kama kiti alichoondoka mtu muda si mrefu. Akaona hata kimya cha Mushiya ni cha Amani. Basi akakata mistari yote pale palipokuwa na nafasi, njano, nyekundu na kijivu chetu, akasogeza wimbo wote kushoto, akaunganisha kwa ustadi mpaka mshono usisikike. Neno la mwisho la ubeti mmoja likagusana na neno la kwanza la ubeti unaofuata. Gitaa akaliachia sebene peke yake, kule mwisho watu wanapocheza, tena chini ya ngoma. Akahifadhi juu ya kazi ya zamani, bila kubakiza nakala. Aliniambia haya mwenyewe baadaye, na aliyasema kwa fahari na aibu pamoja.

Siku ya kumaliza matanga turubai lilifungwa nyumbani kwa Tata Tshilombo, mdogo wa marehemu. Tulikaa kwa kujibana. Amani alifika moja kwa moja kutoka Tenke, ana vumbi mpaka kwenye kope, akakaa nyuma kabisa. Mushiya alisimama mbele kuuongoza wimbo. Kando ya kiti cha mama yake kulikuwa na viti viwili, kimoja cha Mushiya, na kingine hakuna aliyethubutu kukikalia.

Wimbo ulipoanza kwenye spika, Tata Tshilombo aliinuka na maikrofoni mkononi, akapita katikati ya watu mpaka kwa Kankolongo.

“Mutoto, simama. Ndugu yangu alikufundisha majina yake. Leo utayaita mu wimbo ya binti yake, batu bote basikie. Ukimaliza, utaikala pale ku kiti, na tutasema maneno ya ndoa.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Nafasi zile hazikuwa za Amani. Zilikuwa za Kankolongo. Mushiya hakumwambia kwa sababu anamjua: akipewa jambo mapema atalikata na kulipanga mpaka liwe baridi, naye alitaka majina ya baba yake yatoke moto.

Kankolongo alisimama. Ubeti wa kwanza ukaisha, akafungua mdomo, na wa pili ukamkanyaga. Akafunga mdomo. Akafungua tena, kiitikio kikaingia. Mushiya alikuwa amemgeukia, amenyoosha mkono kumkaribisha, na mkono ule ulishuka polepole. Hakuna pumzi, hakuna mwanya, mpaka sebene likalipuka, na watoto, wasiojua lolote, wakaanza kucheza.

“Zima,” alisema Tata Tshilombo. Wakazima.

“Fasi iko wapi?” Mushiya aliuliza. “Niliacha mafasi mu ule wimbo. Amani aliweka gitari ndani juu nisipoteze mwendo. Leo majina ingepita juu yake.”

Watu wote wakamtazama Kankolongo. Naye akatazama maikrofoni. Kule nyuma Amani akasimama, akapangusa vumbi usoni.

“Tata Tshilombo, mashini saa zingine inafanya vile. Courant ikikatika, bitu binapotea. Haiko kosa ya mutu.”

Ukoo mzima ukashusha pumzi. Mushiya naye akalegea mabega, akamwambia kwa sauti ya upole ambayo sijamsikia akiitumia na mtu mwingine:

“Aksanti, Amani.”

Ilikuwa imekwisha! Angenyamaza tu. Wangempa nafasi aite majina bila wimbo, angekaa kwenye kiti chake, na leo tungekuwa tunashona vitambaa vya harusi. Lakini Kankolongo alikuwa ameusikia upole ule, ukienda nyuma, kwa mwingine. Hakuweza kumwachia Amani upole huo.

“Apana! Mashini haikupoteza kintu. Ni mi nilikata. Na mikono yangu.”

“Juu ya nini?” Mushiya akauliza.

“Juu ya gitari yake.”

Mtu mmoja alicheka, kisha akaona hakuna anayemsaidia kucheka. Mushiya alimwendea Kankolongo, akaichukua maikrofoni mkononi mwake taratibu, akampa baba yake mdogo.

“Tata, uite weye.”

Tata Tshilombo akayaita majina ya kaka yake bila muziki, akisahau hapa na pale, akirudia. Kankolongo alibaki amesimama pale pale. Midomo yake ilikwenda pamoja na ya mzee, jina kwa jina, bila sauti, na hata pale mzee aliposahau, midomo ya Kankolongo haikusimama. Mushiya hakuangalia. Alikwenda kukaa kando ya mama yake, na kwenye kile kiti cha pili akaweka mkoba wake.