Mate yangu na Kihispania cha Akiru

Leo nimemtemea mjukuu wangu mate mbele ya mama anayetaka kumpa kazi.

Msinitukane kwanza. Sikilizeni.

Akiru anatafuta kazi ya kupokea wageni wa Hispania kule Eliye Springs. Wiki nzima hapa nyumbani Lodwar ni vitenzi tu: hablo, hablas, habla, yaani nasema, unasema, anasema. Neno moja, kila mtu akiingia mkia unabadilika! Hata mbuzi wangu wamechoka.

Asubuhi yule mama Mhispania akapiga simu ya video. Akauliza swali la kwanza.

Akiru akashika hablo, akaiacha, akashika hablas, akakwama. Jasho linamtoka.

Mimi mlangoni nakaa, nasimama, nakaa tena. Nikashindwa. Nikajaza maji mdomoni, nikaingia, nikampulizia usoni. Puu!

Kwetu hiyo ni baraka. Mtoto haendi kwa jambo kubwa akiwa mkavu.

Mama wa watu akashika mdomo.

"Shosho! Ananiona!" Akiru akalia.

Halafu akageukia simu, hasira zimempanda, akaanza kunitetea kwa Kihispania. Mi abuela, yaani shosho yangu, hivi, mi abuela vile, maneno yanamwagika na mikia yake yote! Yule mama akacheka mpaka miwani ikateleza. Kisha akasogeza paji la uso karibu na kamera.

"Anasema na yeye anataka," Akiru akaninong'oneza.

Nikampa. Ya kutosha.

Jibu la kazi ni jioni. Mimi situlii hata kidogo, na Akiru bado anapangusa simu.

Ningekaa tu mlangoni, jamani? Semeni ukweli.